Soja Yuko Getini, Mwizi Yuko Jikoni

Wasee, leo tunaanza na mizani ya kupimia nyama.

Desemba 2013, Target, mojawapo ya kampuni kubwa zaidi za maduka Marekani, ilitangaza kwamba wadukuzi wamebeba data ya kadi za benki zipatazo milioni 40. Baadaye ikaongeza kwamba majina, namba za simu na anwani za watu hadi milioni 70 pia zimeenda. Waliingilia wapi? Kwa fundi wa friji. Kulikuwa na kampuni ndogo ya nje iliyohudumia friji na mitambo ya kupooza hewa, na ilikuwa imepewa njia ya kuingia kwenye mtandao wa Target kwa ajili ya bili na kandarasi. Wezi waliiba paswadi ya hao mafundi, wakapita mlango wao, wakatembea ndani kwa ndani hadi kwenye mashine za keshia.

Wengi hadithi huwaishia hapo kwa fundi. Mimi inayonishika ni ile iliyofuata. Tarehe 21 Desemba, siku mbili tatu tu baada ya tangazo, wataalamu kutoka Verizon walianza kuujaribu mtandao wa Target wakiwa ndani yake. Ripoti yao ilikuwa ya siri, lakini mwandishi Brian Krebs aliipata na kuiandikia mwaka 2015. Kulingana naye, wataalamu hao waligundua kwamba ukishaingia, karibu hakuna kitu cha kukuzuia. Kuna mahali walifikia mashine za keshia za duka moja wakianzia kwenye mizani ya kupimia nyama, na mizani yenyewe ilikuwa kwa duka lingine kabisa. Ndani ya wiki moja walikuwa wamevunja paswadi 472,308 kati ya 547,470. Hiyo ni asilimia 86.

Sasa niambie, mizani ya nyama ina shughuli gani na keshia wa tawi lingine? Hakuna. Na kitu kinauma zaidi: Septemba ya mwaka huo huo, Target ilikuwa imekaguliwa na kupitishwa kwamba inatimiza viwango vya usalama wa kadi. Karatasi ilikuwa safi. Ni vile tu hakuna mtu aliyekuwa amefuata njia yote kutoka kwa mizani hadi kwa keshia.

Hoja yangu leo ni moja. Kampuni hutumia pesa nyingi kuuliza "nani anaweza kuingia?" na kidogo sana kuuliza "akishaingia atafika wapi, na sisi tutajua baada ya muda gani?" Hilo swali la pili si la juzi. Lina zaidi ya miaka 50. Kila kizazi kimekuwa na watu wanaoliuliza, na kila kizazi kimewaona ni wasumbufu.

Ukitaka picha yake, fikiria jengo lolote la maofisi pale tao. Getini soja anachukua kitambulisho chako, anaandika jina kwa kitabu, anakupitisha kwa ile mashine inayolia hata ukibeba funguo, anakupa beji ya mgeni. Sawa. Ukishaivaa hiyo beji, nani anakuuliza unaenda orofa ya ngapi? Unaweza kuzunguka jengo zima ukitafuta choo na watu wanakusalimia tu. Hivyo ndivyo mitandao mingi ya kampuni ilivyojengwa.

Wanajeshi wanajidukua

Turudi nyuma kiasi. Mwanzoni kompyuta ilikuwa kubwa kama chumba, na watu wengi waliitumia moja kwa pamoja, kila mtu na akaunti yake. Kwa hivyo suala la "aliye ndani" lilikuja mapema sana. Wewe na mimi tuko kwa mashine moja, mimi nashika siri za jeshi, wewe unafanya hesabu za mishahara. Nini kinakuzuia usichungulie kwangu?

Mwaka 1970 kamati iliyoongozwa na Willis Ware, mtaalamu wa taasisi ya RAND, iliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti nzima kuhusu swali hilo. Jeshi likaanza kuunda vikosi vidogo vya kujivamia lenyewe, vikaitwa timu za simbamarara. Mwaka 1974 Paul Karger na Roger Schell wa Jeshi la Anga walitoa ripoti yao juu ya Multics, mfumo uliosifiwa kwa sababu usalama ulifikiriwa tangu mwanzo wa ujenzi wake. Waliuvunja. Tena wakaonya kwamba mtu anaweza kuficha mlango wa siri ndani ya programu yenyewe, ukatumika miaka bila yeyote kuuona.

Halafu mwaka 1980 James P. Anderson akaandika kitu ambacho ningependa kila mtu wa IT akisome. Aliwagawanya wavamizi kwa aina. Kuna wa nje kabisa. Kuna anayetumia jina la mtu mwingine. Kuna mwenye akaunti halali anayeitumia vibaya. Na kuna anayejua kufuta nyayo zake. Angalia vizuri: wa nje ni aina moja tu, hao wengine wote wako ndani tayari. Ushauri wake ulikuwa kwamba mashine ziweke kumbukumbu za nani amefanya nini, na mtu azisome ili aone tabia isiyo ya kawaida. Wahenga wetu walishamaliza: kikulacho ki nguoni mwako. Anderson aliongezea tu kwamba nguo zenyewe lazima mtu azikague.

Senti 75

Mwaka 1986, maabara ya Lawrence Berkeley kule California. Clifford Stoll, mwanaastronomia ambaye pesa za utafiti wake zilikuwa zimeisha, anahamishiwa kitengo cha kompyuta. Kazi yake ya kwanza ni ndogo: hesabu za matumizi ya kompyuta zina pengo la senti 75. Wengi wetu tungeichomoa hiyo pesa kwa mfuko, maisha yaendelee. Stoll alikataa.

Kumbe pengo lilitoka kwa mtu aliyekuwa akitumia mashine bila kulipiwa. Alikuwa ameingia, akatumia kasoro ya programu moja kujipa mamlaka ya msimamizi wa mfumo mzima, na sasa maabara hiyo ilikuwa stendi yake ya matatu: anashukia hapo, anapanda ya kuelekea mitandao ya jeshi la Marekani.

Mtu wa kawaida angefunga mlango. Stoll aliuacha wazi akakaa kumtazama. Alikusanya mashine za kuchapisha kutoka ofisi za wenzake, akaziunganisha na laini za simu zilizoingia kwenye kompyuta, ili kila herufi anayoandika mgeni itoke kwa karatasi. Akalala ofisini. Ilichukua karibu mwaka. Kwa hesabu yake, huyo jamaa alijaribu kompyuta karibu 450 na akaingia zaidi ya 30. Na mara nyingi hakuhitaji uchawi. Alijaribu majina kama "guest" na "system" na paswadi zilizokuja na mashine kutoka kiwandani, ambazo hakuna mtu alijali kubadilisha.

Ili kumshika kwenye laini muda wa kutosha simu ifuatiliwe, Stoll alitengeneza faili za uongo kuhusu mradi mkubwa wa kijeshi ambao haukuwepo. Mgeni akanasa. Laini ikafuatwa hadi Hannover, Ujerumani Magharibi, kwa kijana aliyeitwa Markus Hess. Yeye na wenzake walikuwa wakiwauzia KGB walichopata. Mwaka 1990 walipatikana na hatia, wakapewa vifungo vilivyoahirishwa.

Somo langu hapa liko kwa zile kompyuta zaidi ya 30, sio kwa majasusi. Wenye mashine hizo karibu wote hawakuwa na habari. Mgeni aliingia, akasoma, akatoka, na asubuhi watu wakanywa kahawa yao kama kawaida. Aliyegundua ni mmoja, kwa sababu alikuwa anaangalia ndani, tena kwa senti.

Ganda gumu, ndani laini

Miaka michache baadaye kampuni zilianza kujiunga na intaneti, na suluhisho likawa kujenga ukuta wa kidijitali kati ya ndani na nje. Bill Cheswick, aliyekuwa Bell Labs, alijenga mmoja wa kuta za kwanza za aina hiyo. Mwaka 1990 aliandika juu yake, na hata yeye mjenzi akakubali udhaifu wake: nje ni ganda gumu, ndani ni laini tupu. Mimi husema ni kama yai. Likiwa zima unalibeba popote. Likipata ufa mmoja tu, umeharibu begi na kila kilichokuwamo.

Mwaka 1993 Dan Farmer na Wietse Venema wakasambaza andiko lenye wazo lililowatia watu hofu: njia ya kuboresha usalama wa mahali pako ni kupavamia wewe mwenyewe. Aprili 1995 wakatoa bure programu ya kukagua mtandao na kuonyesha kasoro zake. Waliiita SATAN. Mazee, jina hilo peke yake lilileta kelele. Walitabiri hivyo, kwa hivyo waliweka ndani yake kiprogramu kidogo cha "kutubu" kilichobadilisha jina kuwa SANTA. Magazeti yalipiga kelele kwamba wezi wamepewa silaha, na Farmer akapoteza kazi aliyokuwa nayo wakati huo. Leo kukagua mtandao kwa programu za aina hiyo ni kazi ya kila siku.

Hapo ndipo naona ugonjwa wenyewe. Anayeonyesha ufa hulaumiwa kana kwamba yeye ndiye aliyeupasua.

Stima ilipotea Ghana

Ruka hadi tarehe 27 Juni 2017. Programu haribifu iliyoitwa NotPetya inasambaa kutoka Ukraine kupitia masasisho ya programu ya uhasibu inayotumiwa na kampuni nyingi kule. Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, ilikuwa na ofisi Odessa. Kwa mujibu wa jarida la Wired, programu hiyo ya uhasibu ilikuwa imewekwa kwenye kompyuta moja tu ya ofisi hiyo. Moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa mlango.

Kutoka hapo NotPetya iliokota paswadi zilizobaki kwenye kumbukumbu ya mashine moja na kuzitumia kufungua nyingine, tena nyingine. Bandari zikasimama duniani, malori yakapanga foleni getini. Mwenyekiti wa Maersk alisema baadaye kwamba walilazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 ndani ya siku kumi. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kulikuwa na tatizo kubwa zaidi. Seva zinazotunza orodha ya nani ni nani ndani ya kampuni, na nani anaruhusiwa wapi, zilikuwa karibu 150 na zilinakiliana. Zilipofutwa, zilifutwa zote. Isipokuwa moja, Ghana. Kwa nini? Kabla ya shambulizi stima ilikuwa imepotea, na hiyo seva ikawa imezimika. Bana! Sisi tunalia kila siku stima ikienda, kumbe kuna kampuni ya kimataifa iliyookolewa na giza la Afrika Magharibi. Intaneti ya huko ilikuwa nyembamba mno kutuma data yote, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja asafiri hadi Nigeria kukabidhi diski kwa mwenzake uwanja wa ndege, naye aipeleke London.

Watu hupenda hicho kipande na mimi pia. Lakini kuna kingine kwenye taarifa hiyo hiyo ya Wired ambacho ndicho kilinifanya niandike haya. Kabla ya shambulizi, watu wa usalama wa Maersk walikuwa wamependekeza mtandao ugawanywe vipande, ili moto ukiwaka chumba kimoja usiteketeze nyumba. Mpango ulikubaliwa. Bajeti ikapitishwa. Kazi haikufanyika, kwa sababu haikuwa kwenye vipimo ambavyo wakuu wa IT walipimwa navyo kupata bonasi. Yaani tatizo lilijulikana, dawa ilijulikana, pesa ilikuwepo. Hakukuwa tu na mtu ambaye angeumia isipofanyika.

Kujipima kwenyewe

Kwa hivyo kampuni ikitaka kujipima kutoka ndani, inafanya nini? Wazo ni rahisi. Unamleta mtu unayemwamini, mnaandikiana mkataba wa anachoruhusiwa kugusa, kisha unamwambia: chukulia umeshaingia. Unampa kompyuta na akaunti ya mfanyakazi wa kawaida kabisa, mtu wa mapokezi au karani wa akaunti. Kisha maswali matatu. Kwanza, kutoka hapo anafika wapi? Pili, anafikaje, kwa paswadi iliyorudiwa, kwa mashine ya zamani isiyosasishwa, kwa folda iliyoachwa wazi kwa kila mtu? Tatu, kuna yeyote aliyemwona njiani?

Hilo la tatu ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo wakubwa hulikimbia. Target ilikuwa na mfumo uliotoa tahadhari wizi ukiendelea. Mlio ulikuwepo. Hakuna aliyechukua hatua kwa wakati.

Najua bosi mmoja mahali atasema, "Ati nianze kuwashuku wafanyakazi wangu?" Hapana. Karani wa mapokezi siye mshukiwa. Yeye ndiye anayelindwa. Ikiwa akaunti yake haiwezi kufika kwa mishahara, basi siku paswadi yake ikiibiwa hakuna mtu atamwita ofisini kumuuliza pesa zimeenda wapi. Wengine watasema ni ghali. Enyewe si bure. Lakini kubadilisha paswadi za kiwandani, kufunga akaunti za watu walioacha kazi na kutenganisha mizani na keshia, hivyo ni vitu vya kuamua kufanya, na vingi havihitaji mashine mpya.

Na sisi?

Sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 inasema data ya watu ikivuja na kuna hatari ya kweli kwao, kampuni imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue. Soma tena hayo maneno ya mwisho: tangu ijue. Saa haianzi kuhesabu kabla hujajua. Asiyeangalia ndani anaweza kukaa mwaka mzima saa yake ikiwa imesimama, na hapo katikati ni kitambulisho chako, rekodi zako za hospitali na mkopo wako wa sacco vinavyotembea. Hilo ndilo linanifanya nisione haya kama mambo ya watu wa IT peke yao.

Nikiwa atachimenti kwenye ofisi moja, sisi wote wanagenzi tulitumia akaunti moja, na paswadi ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na kalenda. Kila kundi jipya lilirithi ile ile. Hesabu ni wangapi walikuwa wameshapita hapo. Na nina uhakika wengi mnaosoma hapa mmeona karatasi kama hiyo kwa ukuta mwingine.

Sasa, kuna wale ambao vidole vinawasha tayari. Tuliza boli. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 haijali kama ulikuwa unataka tu kuonyesha ufa. Kuingia bila idhini kunaweza kukupa faini hadi milioni tano au jela hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Timu za simbamarara zilitumwa, hazikujituma. Karatasi ya ruhusa ndiyo tofauti kati ya kazi na kesi. Ukiipenda hii kazi, jenga kamtandao kako kwa kompyuta mbili nzee nyumbani, kavunje, ukatengeneze, uandike ulichokuta. Kuna watu wanalipwa vizuri kufanya hivyo.

Lakini kuna kitu kimoja unachoweza kufanya hata kama hutaki kuwa mtu wa IT. Siku utaajiriwa na upewe akaunti yako ya kwanza, angalia inafungua nini. Ukiona folda ambayo haikuhusu, usichungulie. Andikia anayehusika barua pepe fupi, ubaki na nakala: nimeona akaunti yangu inafika mahali haihitaji kufika, naomba ifungwe. Utaonekana msumbufu. Stoll pia walimwona hivyo, kwa senti 75.